Maji Yale Yanakwenda Wapi?



Katika seminari ndogo tulikosomea palikuwa na kijito kimoja tu, na kabla hatujafundishwa neno la kwanza la Kilatini tulifundishwa sheria ya kijito: wenye kuteka maji ya kunywa hukaa juu, wenye kuoga hukaa chini yao, na wenye kufua hukaa chini kabisa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Aliyekutwa anafua juu ya watekaji aliadhibiwa, wala hakupata wa kumwonea huruma, kwa kuwa mwenyewe alijua fika kwamba aliwanywesha wenzake uchafu wake.

Tumeikumbuka sheria hiyo tulipokuwa tukisoma habari za gesi inayochimbwa nchini Marekani kutoka katika miamba ya tope. Mengi yameandikwa juu ya gesi yenyewe, bei yake na nguvu iliyowapa Wamarekani katika biashara ya dunia. Juu ya maji yanayopanda pamoja nayo yameandikwa machache, na hayo machache mara nyingi yamewekwa mahali pasiposomwa na watu wa kawaida. Sisi tunaona kwamba jambo lenyewe liko hapo penye maji. Kibali cha kuchimba gesi kikitolewa kabla haijajulikana maji machafu yatakwenda wapi, kimekuwa kibali cha kufulia juu ya watekaji.

Tueleze kwanza kazi yenyewe. Gesi yetu ya Songo Songo na ya Mnazi Bay imo katika miamba ya mchanga yenye nafasi za kupitisha gesi. Kisima kikifika, gesi hupanda yenyewe. Hii tunayoisema imenaswa katika mwamba mgumu uliotokana na tope la bahari za kale, na haitoki mpaka mwamba huo upasuliwe. Wachimbaji huteremka wima kiasi cha kilomita mbili, kisha hukipinda kisima kikaenda kwa ubavu ndani ya tabaka lenye gesi, halafu husukuma humo maji yaliyochanganywa na mchanga na dawa, kwa nguvu nyingi, hadi mwamba upasuke. Mchanga huzuia nyufa zisijifunge, na gesi hupata njia. Katika tabaka la Marcellus, lililo chini ya jimbo la Pennsylvania na majirani zake, kazi hiyo ilianza mwaka 2004. Katika miaka ile kisima kimoja kilitumia maji kiasi cha lita milioni 15 hadi 20. Visima vya siku hizi ni virefu zaidi na hutumia zaidi ya hapo.

Sehemu ya maji hayo hurudi juu katika majuma ya kwanza. Baadaye, kwa muda wote kisima kinapotoa gesi, na huo ni muda wa miaka mingi, yanaendelea kuja maji mengine ya mwamba wenyewe. Hayo ndiyo makali. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Maji ya Marcellus huweza kupita gramu 200. Ndani yake mna bariamu, mna bromidi, na mna radiamu, ambayo hutoa mionzi. Haki inatudai tuseme kwamba vitu hivi havikuwekwa na mchimbaji. Vilikuwako huko chini tangu zama ambazo hakuna mtu aliyekuwako, navyo havikumdhuru yeyote. Watu wengi wamebishana juu ya dawa za siri ambazo makampuni huchanganya katika maji, na ni haki yao kuuliza. Lakini kwa maoni yetu mabishano hayo yamewafanya wasiitazame chumvi, ambayo si siri hata kidogo na ni nyingi kupita dawa zote.

Wingi wake ni wa kutisha. Mwaka 2012 visima vyote vya mafuta na gesi vya Marekani, vya aina zote, vilitoa zaidi ya mapipa bilioni 20 ya maji machafu. Na kila pipa lilipaswa kwenda mahali.

Huko Pennsylvania, jibu la miaka ya kwanza lilikuwa jepesi: malori yalipeleka maji kwenye mitambo ya miji inayosafisha majitaka, au kwenye mitambo ya watu binafsi, nayo mitambo ikayaachia mitoni. Mtu asiyejua ataona kwamba hapo pametendeka jambo jema, maana maji machafu yamepelekwa mahali pa kusafishia. Lakini mtambo wa manispaa umejengwa kwa ajili ya uchafu wa vyooni na jikoni. Wafanyakazi wake ni vijidudu vinavyokula uchafu huo. Vijidudu havili chumvi. Chumvi iliingia mlango wa mbele ikatokea mlango wa nyuma, na kilichobadilika ni kwamba sasa ilikuwa na karatasi ya serikali.

Mwishoni mwa mwaka 2008 mto Monongahela, unaowanywesha mamia ya maelfu ya watu kusini mwa Pittsburgh, ulikutwa na chumvi zilizopita kipimo kilichoruhusiwa. Mto ulikuwa umepungua kwa ukame, na maji yanayovuja kutoka migodi ya zamani ya makaa ya mawe nayo yalichangia. Si haki kuwatwika wachimbaji wa gesi mzigo wote. Hata hivyo serikali ya jimbo iliona imeipasa kuiamuru mitambo ipunguze kuyapokea maji ya visima. Baadaye likaonekana jambo la bromidi. Bromidi mtoni haina makali yake yenyewe. Lakini mtambo wa maji ya kunywa ulio chini ya mto ukitia klorini ili kuua vijidudu vya maradhi, bromidi huungana nayo na vitu vilivyooza majini, na kuzaa kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani. Yaani fundi wa maji wa mji wa chini, akitenda wajibu wake kwa uaminifu, ndiye aliyekamilisha kazi iliyoanzwa na lori la mji wa juu.

Mwaka 2010 jimbo liliweka kipimo kikali cha chumvi kwa mitambo mipya, lakini mitambo ya zamani ikaachwa iendelee kama ilivyozoea. Mwezi Aprili 2011 serikali hiyo iliwaomba wachimbaji waache kuipelekea mitambo hiyo maji yao. Iliwaomba, hatukukosea neno. Wengi waliitikia katika mwezi uliofuata, jambo linaloonyesha kwamba lingewezekana hata mapema. Marufuku kamili ya nchi nzima, ya kuyaingiza maji ya visima hivyo katika mitambo ya majitaka ya umma, ilitolewa na Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani mwaka 2016. Tangu mwaka 2004 hadi 2016 ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa siku ya kisima cha kwanza alikuwa amekwisha kufikia umri wa Kipaimara.

Na mto hausahau upesi. Magharibi mwa Pennsylvania kuna kijito kiitwacho Blacklick, ambacho mtambo mmoja wa kusafishia maji ya visima ulikuwa ukikimwagia maji yake. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza kwamba tope la chini ya kijito, mahali maji yalipoachiwa, lilikuwa na radiamu kiasi cha mara 200 kuliko tope la sehemu ya juu yake. Tuzingatie kwamba mtambo huo haukuwa mbovu. Uliondoa sehemu kubwa ya radiamu. Ile iliyobaki ndiyo iliyojilimbikiza, siku kwa siku, katika tope ambalo samaki hula na watoto huchezea.

Mito ilipoanza kufungwa, malori yaligeuza safari yakavuka mpaka kuingia jimbo la Ohio. Huko kuna visima vingi, zaidi ya 200, vilivyopewa kibali cha kupokea maji ya chumvi na kuyasukuma chini kabisa, mbali na maji ya kunywa. Pennsylvania ilikuwa na visima vichache mno vya namna hiyo. Ohio haikuweza kuwazuia majirani, kwa kuwa sheria ya nchi hairuhusu jimbo moja kuzuia biashara ya jimbo jingine, na taka nazo huhesabiwa kuwa biashara.

Mji mmoja uliopokea maji hayo ni Youngstown. Inafaa tujue kidogo habari zake. Tarehe 19 Septemba 1977 kiwanda kikubwa cha chuma cha hapo kilitangaza kufungwa, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Askofu wa jimbo hilo, James Malone, pamoja na viongozi wa madhehebu mengine, walijaribu kukusanya fedha ili wananchi wenyewe wakinunue kiwanda. Serikali ilikataa kuwadhamini mkopo, na jitihada hiyo ikafa. Mji uliopitia hayo, ukiletewa kazi ya kupokea maji machafu, hauna nguvu ya kuuliza maswali mengi. Hilo ndilo tunalotaka viongozi wa walei walione: maji haya hayatiririki kwenda mahali palipo chini kwa kimo tu, hutiririka pia kwenda mahali palipo chini kwa umaskini.

Kisima kimoja cha Youngstown kilianza kupokea maji mwezi Desemba 2010. Katika mwaka uliofuata mji huo, ambao haukuwa umezoea matetemeko ya ardhi, ulitikisika mara nyingi. Wataalamu walihesabu mitikisiko 109, mingi ikiwa midogo mno. Tarehe 31 Desemba 2011, siku moja tu baada ya kisima kufungwa, lilitokea kubwa kuliko yote, la kipimo cha karibu 4.

Kisha likatokea lile ambalo kwetu ni baya kuliko tetemeko. Usiku wa tarehe 31 Januari 2013, wakaguzi walimkuta mfanyakazi wa kampuni moja ya Youngstown akimwaga maji ya visima kutoka kwenye tangi kwa mpira, na kuyaelekeza kwenye mfereji wa mvua unaoingia katika mto Mahoning. Ilibainika mahakamani kwamba jambo hilo lilikuwa limefanyika zaidi ya mara 30, usiku, na kwamba mwenye kampuni ndiye aliyeamuru. Mwaka 2014 alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miezi 28 na faini ya dola 25,000. Wafanyakazi waliotii walipewa adhabu ya kuwa chini ya uangalizi. Tumewaza sana juu ya mfanyakazi yule mwenye mpira mkononi. Katika mahubiri yetu tunapenda kuwaambia waajiriwa wawe watiifu na waaminifu kazini. Je, tumewafundisha pia namna ya kukataa? Na akikataa, katika mji ule usio na kazi, ni nani atakayelipa kodi ya nyumba yake mwezi ujao? Parokia yake ingemsaidia? Maswali haya hayana jibu la haraka, wala hatutajifanya tunalo.

Upande wa Oklahoma mambo yalikuwa makubwa zaidi. Huko maji mengi yalitokana na visima vya mafuta vya kawaida vilivyofufuliwa kwa ufundi mpya, si ya kupasulia miamba ya tope tu, lakini njia ya kuyatupa ilikuwa ile ile: kuyasukuma chini. Kabla ya mwaka 2009 jimbo hilo lilipata kwa wastani matetemeko mawili kwa mwaka yenye kipimo cha 3 au zaidi. Mwaka 2015 lilipata zaidi ya 900. Mwezi Novemba 2011 tetemeko lililoanzia karibu na mji mdogo wa Prague liliangusha mnara mmoja wa jengo la Wabenediktini, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Gregori mjini Shawnee, na kuiharibu mingine mitatu. Mama mmoja wa Prague aliangukiwa miguuni na mawe ya bomba la moshi la nyumba yake. Alipotaka kuyashtaki makampuni, aliambiwa kwamba shauri lake liende kwanza kwenye tume ya serikali inayosimamia visima. Ilibidi afike hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba anayo haki ya kusikilizwa na mahakama ya kawaida. Mwezi Septemba 2016 likatokea la kipimo cha 5.8 karibu na mji wa Pawnee. Serikali ilipopunguza kiasi cha maji yanayosukumwa chini, matetemeko nayo yalipungua.

Msomaji atasema: basi hawakujua. La, walijua. Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilianza kuingiza maji machafu ya kiwanda chake cha silaha katika kisima cha kina cha zaidi ya kilomita tatu, karibu na mji wa Denver. Matetemeko yalianza mwaka ule ule, na katika miaka ya 1960 mtaalamu wa miamba David Evans alionyesha hadharani uhusiano wa mambo hayo mawili. Kisima kikafungwa. Yaani elimu ilikuwako miaka 40 na zaidi kabla ya Youngstown na Prague. Tunapoambiwa kwamba ajali ni bei ya kujifunza, tuulize ni mara ngapi somo moja linalipiwa, na ni akina nani walipao.

Sheria nayo ilitengeneza njia. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliutoa uchafu wa visima vya mafuta na gesi nje ya masharti ya taka za hatari, eti mpaka uchunguzwe. Mwaka 1988 Idara ya Mazingira ilimaliza uchunguzi, ikakubali kwamba baadhi yake ni wa hatari kweli, na ikaamua uendelee kubaki nje. Kwa hiyo maji yenye sumu ile ile yakitoka kiwandani ni taka ya hatari; yakitoka kisimani siyo. Sisi tuliosoma falsafa tulifundishwa kwamba jina halibadili asili ya kitu. Bungeni, yaonekana, hubadili.

Hatupendi kuonekana kwamba tunaona maovu tu. Baada ya mwaka 2011 wachimbaji wa Pennsylvania walijifunza kuyatumia tena maji yao: yanayorudi kutoka kisima kimoja huchujwa na kupelekwa kupasulia mwamba katika kisima kinachofuata, na sehemu kubwa mno ya maji ya jimbo hilo sasa huenda njia hiyo. Mito imepumzika, maji safi yameokolewa, na makampuni yenyewe yameokoa fedha za malori. Ni jambo jema, na waliolibuni wapewe haki yao. Lakini lina mwisho wake, na mwisho huo ni wa hesabu tu. Maji ya zamani yanahitaji kisima kipya. Bei ya gesi ikishuka na uchimbaji ukisimama, visima vya zamani havisimami kutoa maji. Hapo yatakwenda wapi? Kuyachemsha ili yawe mvuke kunawezekana. Hutumia moto mwingi, na huacha nyuma milima ya chumvi yenye radiamu, ambayo nayo hutafuta pa kukaa.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba swali la maji liulizwe kabla ya shimo la kwanza. Anayeomba kibali aonyeshe kila lita itakwenda wapi, si kwa mwaka wa kwanza tu bali kwa maisha yote ya kisima. Aweke fedha mahali asipoweza kuzigusa, ili kampuni ikifilisika wananchi wasiachiwe tangi linalovuja. Na daftari la maji, linaloonyesha yalikotoka, aliyeyabeba na alikoyamwaga, liwe wazi kwa watu wa upande wa chini. Tunasema wa upande wa chini kwa makusudi. Katika mikutano mingi huitwa wale wanaokaa juu ya gesi, kwa kuwa ndio wenye ardhi ya kukodisha. Wanaokunywa maji ya mto ule kilomita 80 chini hawapati hata taarifa.

Watatuambia kwamba masharti hayo yatapandisha gharama za gesi. Yatapandisha. Gharama hiyo ipo tayari. Mpaka sasa imekuwa ikilipwa na fundi wa maji wa mji wa chini, na watawa waliotafuta fedha za kujenga upya mnara, na yule mama wa Prague.

Je, yanatuhusu? Katika bara letu, Afrika Kusini imekuwa ikijadili tangu mwaka 2011 kama ipasue miamba ya tope ya Karoo, nchi kavu ambako mfugaji huhesabu kila debe la maji. Sisi wa pwani ya mashariki gesi yetu ni ya namna nyingine, na ingekuwa kosa kuwatisha watu wa Mtwara na Kilwa kwa mambo yasiyo yao. Lakini kila kisima cha gesi hutoa maji, mengi au machache, na halmashauri ya walei inayokaa na wakubwa wa kampuni kuzungumzia zahanati na madawati yaweza pia kuomba ionyeshwe daftari la maji. Ni ombi la adabu, lisilomtukana mtu.

Wapo pia ndugu zetu wasemao Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, waliopewa makazi katika miji ya Ohio na Pennsylvania. Malori ya maji ya chumvi bado yanavuka mpaka wa majimbo hayo mawili. Kama kijitabu hiki kitawafikia, tunawaomba watuandikie maji ya bomba lao yanatoka mto gani, na kama parokiani kwao jambo hili huzungumzwa.